Sheria ya MOSAIC ya ndege nyepesi Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Julai 2025 maswali kuhusu sheria hii hayakauki, na mengi yanatokana na kutoelewa jambo moja: sheria imeacha kupima uzito wa ndege, sasa inapima mwendo mdogo kabisa ambao ndege inaweza kwenda nao bila kuanguka. Ukilishika hilo, mengi yaliyobaki yanajieleza. Kasi zote humu ni za noti, kipimo wanachotumia marubani. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa.

MOSAIC ni nini hasa?

Ni jina la kifupi la marekebisho makubwa ya kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kuhusu ndege nyepesi za michezo na marubani wanaozirusha. Rasimu ilitoka Julai 2023, wananchi wakaalikwa kutoa maoni. Kanuni kamili ilitangazwa na Waziri wa Uchukuzi Sean Duffy tarehe 22 Julai 2025 huko Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kwenye maonyesho ya ndege yanayofanyika hapo kila mwaka. Siku mbili baadaye ikachapishwa rasmi.

Ina tarehe mbili za kuanza kutumika, na watu huzichanganya. Upande wa marubani ulianza 22 Oktoba 2025. Upande wa ndege zenyewe, yaani namna ndege mpya inavyopewa cheti, umepangiwa 24 Julai 2026. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa tayari ana ruhusa mpya kama rubani huku kiwanda bado kinasubiri tarehe yake.

Sheria ya 2004 ilikuwa na kasoro gani?

Kwanza niitendee haki. Sheria ile iliwaingiza angani watu wengi ambao gharama za urubani zingewafungia nje. Leseni ya urubani wa michezo ilihitaji saa 20 za kuruka badala ya 40 za leseni ya urubani binafsi, tena bila cheti cha daktari wa anga. Ila ndege waliyoruhusiwa kuirusha ilikuwa imewekewa mipaka mingi: isizidi kilo 600 (650 kama inatua majini), viti viwili, kasi isiyopita noti 120, injini moja ya pistoni, magurudumu yasiyokunjwa, na rafadha (propela) ambayo rubani hawezi kubadili pembe yake akiwa angani.

Mpaka uliouma zaidi ni ule wa mizani. Chukua ndege ya mfano yenye kilo 370 ikiwa tupu. Weka watu wazima wawili wa kilo 90 kila mmoja, unafika 550. Weka mkoba na vifaa vya kilo 10. Zimebaki kilo 40 za petroli, ambazo ni kama lita 55. Ikiwa tangi linachukua lita 100, karibu nusu yake inabaki tupu kwa amri ya sheria. Bawa lingeweza kubeba zaidi, injini ingeweza kubeba zaidi, lakini namba iliyoandikwa ni 600. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya usalama ikawa inamsukuma rubani kuondoka na mafuta machache.

Kiwandani hali ilikuwa hiyohiyo. Mhandisi aliyetaka miguu ya magurudumu iliyo imara zaidi, maana wanafunzi hutua kwa kishindo mara nyingi kwa asubuhi moja, alilazimika kuzipunguza kilo hizo mahali pengine. Parachuti ya kuibeba ndege nzima ina uzito. Kiti kinachofyonza mshindo kina uzito. Bodi inayomkinga abiria ina uzito. Kila kifaa cha kuokoa maisha kiligombania nafasi na mafuta na watu, na mara nyingi kilishindwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kuu iliyofanya mabadiliko haya yawe ya lazima, kuliko hata hamu ya watu kuruka mbali au haraka zaidi.

Stoli ni nini, na kwa nini ndiyo kipimo kipya?

Bawa hunyanyua ndege kwa sababu hewa inapita juu yake kwa utulivu, ikilifuata umbo lake. Ndege ikipunguza mwendo, rubani huinua pua ili bawa liendelee kubeba uzito uleule. Hufika mahali pembe inazidi: hewa inabanduka kwenye mgongo wa bawa na nguvu ya kunyanyua inashuka kwa ghafla. Hiyo ndiyo stoli. Injini haihusiki; inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zote na bawa likawa limeshakatikiwa na hewa.

Kasi ya stoli ndiyo inayoamua utagusa ardhi kwa mwendo gani siku injini itakapozima na mbele yako kuna shamba tu. Na hapo hesabu haina huruma, kwa sababu nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka noti 45 (kikomo cha zamani cha stoli) hadi 59, kasi imepanda kwa asilimia 31. Nishati kwa kila kilo imepanda kwa asilimia 72. Mizani peke yake haikuambii hayo. Ndege nzito yenye bawa pana inaweza kutua taratibu kuliko nyepesi yenye bawa finyu.

Kuna uzuri mwingine katika kipimo hiki. Kinajidhibiti chenyewe. Kiwanda kikiongeza uzito bila kuongeza bawa, kasi ya stoli inapanda mpaka inagonga dari. Hakuna haja ya kuandika kilo popote, na sheria mpya kweli haina kikomo cha uzito.

Mbona zinatajwa namba mbili, 61 na 59?

Kwa sababu moja ni ya ndege na nyingine ni ya rubani. Ili ndege ya mabawa iingie kwenye kundi la ndege nyepesi za michezo, kasi yake ya stoli ikiwa tayari kutua, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyosaidia ndege kwenda taratibu) zimeshushwa, isizidi noti 61. Lakini ili mwenye leseni ya michezo aruhusiwe kuirusha, kasi ya stoli flapu zikiwa zimepandishwa isizidi 59. Flapu zikishushwa stoli huja kwa kasi ndogo zaidi, kwa hiyo 59 bila flapu ni sharti kali kuliko 61 yenye flapu, ingawa namba zinafanana. Inawezekana kabisa ndege ikawa ndani ya kundi na bado rubani wa michezo asiiguse.

Rasimu ya 2023 ilikuwa na mikono mizito zaidi: 54 kwa ndege na 50 kwa rubani, zote bila flapu. Watu wakaandika, FAA ikasoma, namba zikapanda. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wako wanaoamini kwamba kutoa maoni kwenye rasimu ya serikali ni kupoteza wino. Cessna 172S, ndege inayofundishia watu urubani kila kona ya Marekani, ina stoli ya noti 53 bila flapu. Kwa rasimu, rubani wa michezo asingeruhusiwa kuirusha. Kwa kanuni kamili anaruhusiwa.

Nitajuaje kama ndege fulani inafaa kwa leseni ya michezo?

Usiulize kijiweni. Fungua kitabu cha ndege hiyo, nenda sura ya utendaji, tafuta jedwali la kasi za stoli. Utakuta kasi za aina mbili: ile inayosomwa kwenye kipimo na ile iliyosahihishwa. Kwa 172S, flapu zikiwa juu, ya kwanza ni 48 na ya pili ni 53. Tofauti hiyo inatokana na mrija unaopokea hewa ya kupimia: pua ikiwa imeinuliwa sana, mrija hauielekei hewa moja kwa moja, basi kipimo kinasoma pungufu. Sheria inatumia kasi iliyosahihishwa. Aliyeangalia kipimo tu anaweza kujiona yuko salama kisheria kumbe amepitiliza.

Mambo mawili zaidi. Vitabu vya ndege za zamani mara nyingi huandika maili kwa saa. 59 ya noti ni kama maili 68. Na hesabu hufanywa kwa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wa kuondokea. Hoja ya "leo niko peke yangu, ndege ni nyepesi" haina nafasi hapa.

Kwa hiyo Cessna 172 sasa ni ndege nyepesi ya michezo?

Hapana. Rubani wa michezo anaweza kuirusha, lakini cheti cha ndege yenyewe ni kilekile cha kawaida kilichokuwepo. Matengenezo yake yanabaki mikononi mwa mafundi wenye leseni kamili, na ukaguzi wake wa kila mwaka uko palepale. Anayenunua 172 kwa matumaini kwamba sheria mpya imemshushia gharama za karakana atashtuka mapema.

Viti vinne lakini abiria mmoja?

Ndiyo. Ndege inaweza kuwa na viti hadi vinne, rubani wa michezo anabeba mtu mmoja tu. Viti vya nyuma ni vya mizigo, au vya siku utakayopata leseni ya juu zaidi. Wengi wanaona ni uonevu. Mimi naona ni sawa: aliyefundishwa kwa saa 20 asibebeshwe dhamana ya familia nzima siku ya kwanza.

Nani anathibitisha kwamba ndege hizi ni salama kama FAA haikagui muundo wake?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Ndege ya abiria, na hata 172, hupitia njia ndefu: FAA inachunguza muundo, inashuhudia majaribio, kisha inatoa cheti cha aina hiyo ya ndege. Njia hiyo huchukua miaka na fedha nyingi kiasi kwamba kiwanda kidogo hakiwezi kuimudu. Ndege nyepesi za michezo zina njia nyingine. Viwanda, marubani, mafundi na FAA wenyewe hukaa kwenye kamati ya shirika la viwango la ASTM, inayoitwa F37, na kukubaliana viwango. FAA ikivikubali, kiwanda huunda ndege, huipima chenyewe, kisha husaini tamko kwamba ndege hiyo inatimiza viwango. FAA hutoa cheti kwa ndege kwa kutegemea tamko hilo.

Ukiangalia upande mmoja, ni mfumo mwepesi ulioleta ndege mpya sokoni kwa wakati ambapo ndege nyingi za mafunzo zilikuwa zimezeeka kuliko walimu wake. Ukiangalia upande wa pili, ni mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Hatari hiyo si ya kufikirika. Aprili 2009, NTSB, bodi inayochunguza ajali Marekani, iliitaka FAA izuie ndege za aina ya Zodiac CH 601 XL zisiruke, baada ya kadhaa kuvunjika zikiwa angani na watu kufa. Bodi ilitaja mtikisiko wa mabawa unaojikuza wenyewe mpaka muundo unashindwa, na ikavinyooshea kidole pia viwango vyenyewe: kulikuwa na mambo ambayo havikuyabana inavyotakiwa. Ndege hizo zikahitaji kuimarishwa.

Wanaosifia MOSAIC mara nyingi huliruka tukio hilo, na nadhani wanakosea, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini sheria mpya haikuongeza uhuru peke yake. Sasa kuna sehemu mpya ya kanuni, Sehemu ya 22, inayoandika kisheria matakwa ambayo viwango lazima viyatimize. Zamani usalama wa kundi hili ulilindwa kwa kuifanya ndege iwe ndogo na rahisi. Ukishafungua mlango kwa viti vinne, magurudumu ya kukunja na kasi hadi noti 250, huwezi tena kutegemea udogo. Lazima muundo wenyewe ubanwe. Swali linalobaki ni kama FAA itakuwa na watu wa kutosha wa kufika viwandani na kufungua makabati ya kumbukumbu za majaribio. Maneno mazuri kwenye karatasi hayakazi boliti.

Ushauri wangu kwa mnunuzi: omba kuona tamko la kiwanda, uliza ni viwango vipi na toleo lipi, na uliza kama kuna maelekezo ya usalama yaliyotolewa baada ya ndege kuuzwa na kama yametekelezwa. Muuzaji asiyeweza kujibu haya matatu, mwache na ndege yake.

Je, bado sihitaji cheti cha daktari?

Kwa safari za mchana, leseni ya udereva ya Marekani iliyo hai inatosha, pamoja na masharti yake. Kama leseni yako inadai uvae miwani, angani pia utavaa. Na kama unajua una hali ya kiafya inayokuzuia kuruka salama, huruki, hata kama leseni iko mfukoni.

Kuna mtego. Ikiwa uliwahi kuomba cheti cha daktari wa anga na ombi lako la mwisho likakataliwa, au cheti chako cha mwisho kilifutwa, njia ya leseni ya udereva imefungwa kwako. Ndiyo maana mwenye shaka na afya yake ni vyema azungumze na daktari wake kabla ya kujaza fomu yoyote.

Naweza kuruka usiku?

Sasa ndiyo, na ni jambo jipya. Unahitaji mafunzo ya usiku, sahihi ya mwalimu kwenye daftari lako, na hapa leseni ya udereva haitoshi: lazima uwe na cheti cha daktari au uwe umetimiza utaratibu wa BasicMed, ule uliopunguza masharti ya afya tangu 2017. Usiku huwezi kuchagua shamba la kutua kwa macho, na macho yenyewe hudanganya. Sharti hili lingeondolewa ningelipigia kelele.

Magurudumu ya kukunja na rafadha ya kubadili pembe?

Yanaruhusiwa, kwa mafunzo na sahihi ya mwalimu. Kutua na magurudumu yakiwa yamesahaulika tumboni hakuhitaji ujinga, kunahitaji tu redio kuita wakati usiofaa.

Ndege za umeme na helikopta?

Sheria ya zamani ilisema injini ya pistoni, na kwa maneno hayo machache ikaiacha mota ya umeme mlangoni bila sababu yoyote ya kiusalama. Sasa aina ya nguvu haijabanwa. Helikopta nazo zimeingia, lakini kwa rubani wa michezo ni zile zenye mfumo rahisi wa uongozaji tu, ambamo kompyuta hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusawazisha chombo.

Naweza kufanya biashara na ndege hizi?

Kubeba abiria au mizigo kwa malipo, hapana. Kazi za angani kama kupiga picha au kukagua nyaya za umeme, ndiyo, ikiwa kiwanda kimetaja kazi hiyo kwamba ndege inaiweza, na ikiwa rubani ana leseni ya biashara. Mwenye leseni ya michezo halipwi. Akiwa na abiria, anaruhusiwa kuchangia naye gharama za safari, ila yeye asilipe chini ya nusu.

Tayari nina ndege nyepesi ya michezo ya kilo 600. Naweza kuiongezea uzito?

Si kwa uamuzi wako. Kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndege yako kinabaki ni sheria kwako mpaka kiwanda chenyewe kiidhinishe mabadiliko. Wapo walioamka Oktoba 2025 wakidhani kilo zimefutwa kwao pia. Kilichofutwa ni kikomo cha kundi. Uzito ambao bawa na miguu ya ndege yako vilipimiwa haujabadilika hata gramu moja.

Na vile vyombo vidogo vya mtu mmoja visivyohitaji leseni?

Havikuguswa. Viko chini ya Sehemu ya 103 ya mwaka 1982: kiti kimoja, kilo 115 bila mafuta, lita 19 za mafuta, kasi isiyozidi noti 55.

Nikiwa na leseni ya michezo naweza kuvuka mpaka nje ya Marekani?

Bila idhini ya nchi unayokwenda, hapana. Leseni hii haina nguvu ya kimataifa, na nchi nyingine haidaiwi kuitambua. Omba idhini kwa maandishi kabla ya kupanga safari.

Nina leseni ya michezo ya miaka mingi. Naweza kwenda kesho kukodi 172?

Kisheria huenda ndiyo, kama daftari lako lina sahihi zinazohitajika: ya ndege zenye kasi inayopita noti 87, na ya viwanja vyenye mnara wa kuongoza ndege kama utapita huko. Mwenye ndege na kampuni yake ya bima watakuwa na masharti yao, na mara nyingi yatakuwa makali kuliko ya FAA.

Mimi ningeanza hivi. Panda na mwalimu hadi juu ya kutosha, ndege ikiwa imebeba uzito utakaoutumia kweli, siyo nyepesi ya watu wawili wembamba na nusu tangi. Punguza nguvu, vuta usukani polepole, sikiliza king'ora kikianza kulia, shika pale inapoanza kutetemeka, kisha shusha pua. Fanya hivyo flapu zikiwa juu, kisha zikiwa chini, kisha ukiwa kwenye kona. Aliyezoea ndege ya kilo 600 ataona pua inashuka kwa uzito asioujua, na kwamba anapoteza futi nyingi zaidi kabla ya kupata tena mwendo. Rudia mpaka mkono ujue wenyewe, halafu ndipo ukaombe ufunguo wa kwenda peke yako.